Mtaka Yote na Lenzi Moja

Mpiga picha wa zamani alijulikana kwa begi lake. Ndani mlikuwa na lenzi tatu au nne: ya milimita 28 kwa ajili ya umati na mandhari, ya 50 kwa mambo ya kila siku, ya 135 kwa sura ya mtu, pengine na ya 200 kwa kilicho mbali. Kila lenzi ilikuwa na kazi moja. Aliyetaka kubadili kazi alichomoa moja akaingiza nyingine, huku jambo lenyewe likipita bila kumsubiri. Kwa karibu miaka mia moja, kuna watu waliojaribu kulimaliza begi hilo kwa kuliingiza lote ndani ya lenzi moja. Wahenga walikwisha kuwahukumu: mtaka yote hukosa yote. Historia ya lenzi hiyo inaonyesha kwamba hukumu ilikuwa kali kupita kiasi, ingawa haikuwa ya uongo.

Lenzi ya kuvuta, ambayo wengi tunaiita zumu, hufanya kazi kwa kusogeza makundi ya vioo ndani yake. Vioo vikisogea, upana wa kinachoonekana hubadilika bila mpiga picha kuhama. Wazo lenyewe ni la kale: Mmarekani Clile Allen alipata hataza ya lenzi ya namna hiyo mwaka 1902. Lakini waliolitumia kwanza ni watu wa sinema. Mwaka 1932 Waingereza walikuwa tayari na Cooke Varo, lenzi ya filamu iliyokwenda kutoka milimita 40 hadi 120. Sinema ina huruma ambayo picha mnato haina. Katika sinema, kila picha hupita kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kasoro yake hupita nayo. Picha ya ukutani hutazamwa miaka ishirini.

Ndiyo maana kamera za kawaida za filamu ya milimita 35 zilisubiri hadi mwaka 1959, Voigtländer ya Ujerumani ilipotoa Zoomar, ya milimita 36 hadi 82, iliyosanifiwa na Frank Back, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani. Ilikuwa nzito na ya gharama. Miaka minne baadaye Nikon ilileta ya 43 hadi 86, ndogo na nafuu zaidi, na watu wakainunua kwa wingi. Wakagundua pia bei ambayo haikuandikwa dukani: ukipiga picha ya jengo, kuta zilizonyooka zilipinda. Kiwanda kiliisanifu upya baadaye, lakini jina baya lilikwisha kukaa. Kwa wapiga picha wengi wa kizazi kile, zumu ilikuwa kitu cha watalii.

Na kwa hakika ni mtalii, yaani mtu asiyeishi kwa picha, aliyeibadilisha historia hii. Mtaalamu angeweza kuajiri msaidizi wa kubeba begi. Mtu aliyekwenda likizo na watoto wawili hakuwa na mkono wa ziada. Mwaka 1985 ikaja Kiron ya milimita 28 hadi 210, ambayo peke yake ilichukua nafasi ya begi zima. Mwaka 1992 Tamron ya Japani ikatoa ya 28 hadi 200. Siri yake mojawapo ilikuwa kioo ambacho uso wake haukukatwa kama sehemu ya tufe. Kioo kimoja cha aina hiyo hurekebisha makosa ambayo zamani yalihitaji vioo kadhaa, na hivyo lenzi ikapungua ukubwa.

Hapo ndipo utaona tabia ya safari hii yote: bei haikufutwa, ilihamishwa. Lenzi ile ya 1992 haikuweza kulenga kitu kilicho karibu zaidi ya mita 2.1. Ungeweza kumpiga simba aliye mbali, lakini mama yako aliyeketi upande wa pili wa meza akawa ukungu mtupu. Matoleo yaliyofuata yalisogea karibu zaidi, lakini bei nyingine ikabaki palepale, na hiyo ni mwanga.

Kila lenzi ina tundu la kupitishia mwanga, na ukubwa wake huandikwa kwa herufi f na namba. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi hizi za kila kitu hufikia f/5.6 au f/6.3 ukizivuta hadi mwisho. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 isiyovuta, mara nyingi ya bei nafuu, hufungua hadi f/1.8. Piga hesabu: hiyo hupitisha mwanga mara kumi na mbili zaidi ya f/6.3. Mchana wa jua la saa nne hutaiona tofauti. Usiku, chini ya balbu moja, ni tofauti ya uso unaoonekana na kivuli kilichotikisika.

Kamera za kidijitali zilipunguza deni hilo. Sensa zilijifunza kuona gizani kuliko filamu. Lenzi zikapewa uwezo wa kutuliza mtikisiko wa mkono. Nikon ya milimita 18 hadi 200 ya mwaka 2005 iliposifiwa kwa hilo, madukani ikaadimika. Programu ndani ya kamera ikaanza kuninyoosha mistari iliyopinda kabla mwenye picha hajaiona. Ilipofika 2017, Tamron ilikuwa na ya 18 hadi 400, yenye gramu 700 na kidogo. Hata hivyo kutuliza mkono wa mpigaji hakumtulizi mtoto anayecheza. Fizikia inasubiri pembeni, haina haraka.

Nayaeleza haya kwa sababu mwaka huu mdogo wangu aliniuliza swali ambalo historia ilipaswa kulijibu. Alikuwa amenunua kamera iliyotumika, bila lenzi, na alikuwa na akiba ya kununua lenzi moja. Si mpiga picha wa kazi. Alitaka picha za safari, za mahafali, za harusi za mchana, na zaidi ya yote za bibi yetu wa Lushoto, ambaye picha zake tulizo nazo ni za vitambulisho na za misiba. "Kaka, ninunue ipi?" Bibi hukaa jikoni, na jiko lake lina dirisha dogo na moshi mwingi. Kwa jiko lile, lenzi ya 50 ndiyo jibu. Kwa mengine yote, pamoja na barabara za vumbi ambako kufungua kamera ni kukaribisha mchanga kwenye sensa, jibu ni lenzi ya kila kitu.

Nilimwambia afanye jambo moja kabla ya kulipa: afungue simu yake, atazame picha mia moja za mwisho, ahesabu ngapi alipiga ndani usiku na ngapi alipiga nje mchana. Duka hukuuliza unataka kufika mbali kiasi gani. Swali la maana zaidi ni huwa uko wapi, na saa ngapi. Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa lenzi ya 50 isiyovuta. Kuvuta kwake kulikuwa miguu. Yeye alijua anaishi wapi katika picha zake.

Picha za mdogo wangu zilikuwa sabini na nane za nje. Akanunua ya 18 hadi 200, iliyotumika, ambayo ukiielekeza chini hurefuka yenyewe kwa uzito wake. Aliponiuliza kuhusu jiko, sikuwa na lenzi ya kumshauri, nilikuwa na ushauri wa zamani kuliko lenzi zote. Alipokwenda Lushoto, saa mbili asubuhi alimwomba bibi atoke na sufuria yake ya chai, akae barazani.