Kinjeketile Arudipo Nyumbani: Maoni ya Watazamaji wa Kilwa

Uhai wa mchezo wa kuigiza hauthibitishwi na kuwamo kwake katika vitabu vya shule. Huthibitishwa siku unapopandishwa tena jukwaani, watu wakautazama, kisha wakarudi makwao huku wakibishana. Kwa kipimo hicho tungependa kuufikiri mchezo wa Kinjeketile, ulioandikwa na Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hii ya kusini aliyezaliwa mwaka 1943. Ulitolewa kitabuni mwaka 1969, na tangu hapo umesomwa na kuchezwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi. Lakini kuchezwa kwake Dar es Salaam ni jambo moja, na kuchezwa kwake mbele ya watu wa Kilwa ni jambo jingine. Maana huku watazamaji wengi ni wajukuu na vitukuu vya wale wanaoigizwa.

Yafaa kwanza tuikumbuke historia yenyewe. Vita vya Maji Maji vilianza mwishoni mwa Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa. Huko Nandete watu waling'oa miche ya pamba waliyokuwa wakilazimishwa kuilima kwa ujira usiofaa kitu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alipagawa na pepo Hongo, akaanza kuwagawia watu dawa ya maji ambayo, kama walivyoamini, ingezifanya risasi za Wajerumani kuwa maji. Wamatumbi, Wakichi, Wangindo na wengineo walimwendea makundi kwa makundi. Yeye mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimewaka. Moto ule ulienea hadi Liwale, Nyangao, Mahenge na Songea, na haukuzimika kabisa hadi mwaka 1907. Serikali ya Kijerumani ilikadiria waliokufa kuwa 75,000; baadhi ya wanahistoria wametaja 250,000 hadi 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya vyakula na mashamba kuchomwa.

Mwandishi wa mchezo hakujifunga kuyafuata hayo yote. Kinjeketile wake ni mtu mwenye mashaka: anawataka watu wangoje, nao hawangoji. Tena anaishi hata baada ya watu wake kushindwa, ili mwisho atakiwe na adui kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Naye anakataa, kwa kuwa neno lililokwisha kuzaliwa litarithiwa na watoto.

Tulipata kukaa miongoni mwa watazamaji mchezo huu ulipochezwa upya na wanafunzi wa shule moja ya sekondari wilayani Kilwa. Ulipokwisha, mwalimu aliwaomba watazamaji watoe maoni yao, na mzee mmoja akasimama wa kwanza.

"Wajukuu zangu, mmecheza vyema," alisema. "Lakini huyo mliyetuonyesha mbona ana mashaka? Mwenye mashaka hawezi kuwakusanya watu wa makabila mbalimbali katika muda wa mwaka mmoja."

Kijana aliyeigiza nafasi ya Kinjeketile alimjibu kwa adabu: "Shikamoo, babu. Ikiwa hakuwa na shaka, basi aliwapeleka watu mbele ya bunduki bila ya kuwahurumia."

"Marahaba, mjukuu wangu. Bunduki zilikuwapo kabla ya maji. Kilichokuwa hakipo ni watu kusimama pamoja."

Ukumbi ulinyamaza. Kwa hakika jibu hilo lina ushahidi katika mji wa Kilwa Kivinje. Mwaka 1895, Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani kwa silaha, alinyongwa huko mahali panapojulikana hadi leo kwa jina la Mwembe Kinyonga. Kwa hiyo watu wa Kilwa walikwisha kuiona nguvu ya Mjerumani miaka kumi kabla ya Maji Maji, na walikwisha kuona pia kwamba mkuu mmoja na watu wake hawatoshi. Mzee yule hakuwa akitetea uganga. Alikuwa akitetea akili ya wazee wake.

Maoni ya pili yalitoka kwa mama mmoja, nayo yalihusu jina la Seyyid Said. Katika mchezo, Kinjeketile anatoka majini akinena kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Baadaye anayapima maneno hayo na kuogopa, kwani ni kumtoa bwana mmoja na kumweka mwingine. Msomaji wa mbali huweza kupita hapo upesi. Lakini Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya utumwa katika karne ya 19, na misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa iliishia pwani yake. Mama yule alisema kwamba aliposikia jina lile alishtuka kabla Kinjeketile hajashtuka. Tunaona hapo ndipo mwandishi alipofanikiwa zaidi: uhuru unaoazima jina la bwana wa jana si uhuru.

Wanafunzi walibishana juu ya mwisho. Wengine walisema kiongozi aliyejua ukweli alipaswa kuutamka, hata mbele ya adui. Wengine walisema ukweli unaotakiwa na adui, kwa faida ya adui, si ukweli tena. Hawakuafikiana, wala hatukuona haja ya kuwaafikisha.

Sisi tunaona kwamba mzee na kijana walikuwa na haki wote wawili. Mzee alidai haki ya Kinjeketile wa Ngarambe, aliyewaunganisha watu. Kijana alidai haki ya waliokufa, na ndiyo haki anayoidai mwandishi. Historia hutueleza yaliyotukia. Mchezo huuliza kiongozi anadaiwa nini na wale wanaomwamini. Taifa linahitaji yote mawili, wala moja lisichukuliwe kuwa badala ya jingine.

Kwa sababu hiyo twawaomba walimu wasiishie kuwauliza wanafunzi wataje dhamira na wahusika kwa ajili ya mtihani. Mchezo na uchezwe, hata kama ni chini ya mwembe na kwa mavazi ya kuazima. Wazee wa kijiji na waalikwe. Na baada ya mchezo iachwe nafasi ya watu kusema. Maneno ya wazee yaandikwe na wanafunzi wenyewe. Wale walioviona vita kwa macho yao wamekwisha kutuacha, na waliosimuliwa nao wanapungua kila mwaka. Tukichelewa, tutabaki na kitabu kizuri, lakini tutakuwa tumewapoteza watu waliokuwa na haki ya kukikosoa.