Mtoto wa skuli na sheria: afundishwe nini kabla ya kufika miaka 18

Kila tunapozungumzia haki za watoto, suali moja hurudi kutoka kwa wazee: ukimfundisha mtoto sheria, si ndiyo unamfundisha jeuri? Makala hii inaeleza elimu ya sheria na uraia kwa wanafunzi ni kitu gani, na kwa nini inamhusu mtoto wa Makunduchi au Nungwi sawa na wa Mji Mkongwe.

Elimu hii ni nini?

Katika somo la uraia mwanafunzi husoma maana ya katiba, uchaguzi, haki za binaadamu na mihimili mitatu ya dola: Serikali, Baraza la Wawakilishi na Mahkama. Mara nyingi maneno hayo hukaririwa kwa ajili ya mtihani tu. Mtoto anaweza kuitaja mihimili yote mitatu na bado asijue aende kwa nani akionewa. Elimu inayofaa humpa vitu viwili: kuijua kanuni na kuijua njia ya kufuata.

Sheria ya Mtoto inasemaje?

Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto, Nambari 6 ya 2011. Mwanafunzi afahamu angalau haya:

- Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18.
- Uamuzi wowote juu ya mtoto unatakiwa utangulize maslahi yake.
- Mtoto wa chini ya miaka 12 hawajibiki kwa kosa la jinai.
- Ipo mahkama ya watoto, ili mtoto asichanganywe na wakosaji watu wazima.

Jambo zito zaidi ni udhalilishaji. Mara nyingi mtendaji ni mtu anayejulikana, jirani au jamaa. Hapo huingia muhali: familia mbili hukaa, jambo likamalizwa kimya kimya, shahidi hafiki mahkamani na kesi ikaanguka. Kumdhalilisha mtoto ni jinai, na jinai hiyo haimalizwi kwa suluhu ya nyumbani. Mtoto aliyefundishwa humwambia mapema mtu mzima anayemuamini. Mzee aliyefundishwa hamuogeshi mtoto wala hafui nguo zake kabla ya kumfikisha hospitali, maana ushahidi hupotea.

Pa kwenda ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Mnazi Mmoja. Simu ya bure ya kumsaidia mtoto ni 116.

Nani anachaguliwa, nani anateuliwa?

Hapa hata watu wazima huchanganya. Sisi tuna katiba mbili: ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 na ya Zanzibar ya 1984. Ndiyo maana mpiga kura wa Zanzibar huchagua watu watano: Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar, Mbunge, Mwakilishi na Diwani. Sheha hachaguliwi kwa kura. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Mtoto akilijua hilo, atajua pia malalamiko juu ya sheha yapelekwe ngazi gani.

Ajue na uzito wa kura. Katika uchaguzi wa Januari 1961, jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja tu.

Inafundishwaje?

Kwa kutenda. Mwalimu anaweza kuleta kisa cha kijijini: ng'ombe wa jirani wamekula mihogo. Mwanafunzi mmoja awe mwenye shamba, mwengine mwenye ng'ombe, wa tatu sheha. Nani aanze kusema? Ushahidi ni upi? Asiyeridhika aende wapi? Viranja nao wachaguliwe kwa kura ya siri, kura zihesabiwe mbele ya wote, na aliyeshindwa ampe mkono mwenzake. Katika visiwa ambavyo uchaguzi umewahi kugombanisha ndugu, zoezi hilo si mchezo.

Nje ya darasa yapo mabaraza ya watoto katika shehia, ambako watoto huzungumza mambo yanayowahusu. Vikao vya Baraza la Wawakilishi hufanyika Chukwani. Wapo pia wasaidizi wa sheria katika majimbo. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992, kimewafunza wengi. Skuli inaweza kumwalika mmoja wao akazungumze na wanafunzi.

Je, ni jeuri?

Haki hufundishwa pamoja na wajibu. Mtoto anayejua kuwa ana haki ya kusikilizwa anatakiwa ajue na kumsikiliza mwenzake. Adabu ya kwetu haivunjwi na mtoto anayesema kweli kwa heshima. Anayenyamaza kwa sababu hajui pa kusemea, huyo ndiye aliye hatarini.

Mzazi aanzie wapi?

Muulize mwanao leo: ukipatwa na jambo baya njiani, skuli au chuoni, utamwambia nani? Akikosa jibu, kaeni mlitafute pamoja. Akikaribia miaka 18, mweleze habari za kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ambacho fomu yake hupitia kwa sheha. Bila ya kitambulisho hicho hataandikishwa kupiga kura ya Zanzibar.