Mtoto huyu ana miaka mingapi? Besiboli ya watoto, jirani zetu wa Uganda, na karatasi ya kuzaliwa

Leo sileti siasa. Naleta mchezo ambao wengi wetu hapa Djugu na Bunia tumeuona kwenye filme tu: besiboli. Ngojeni kwanza, msipite. Ndani ya historia ya besiboli ya watoto kuko swali moja ambalo sisi wa Ituri tunaulizwa shuleni, kwenye mpaka wa Uganda, na hata kwenye mahakama ya La Haye: mtoto huyu alizaliwa lini, na nani anaweza kuhakikisha?

Tuanze na kisa chenyewe. Mwezi wa saba mwaka 2011, watoto wa Kampala wa miaka 11 na 12 walisafiri mpaka Kutno, Poland. Kule Little League, shirika la Marekani linalosimamia besiboli ya watoto, lilikuwa linachezesha mashindano ya kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika. Waganda wakakutana na timu ya Dhahran, Saudi Arabia. Wale walikuwa watoto wa wageni wanaofanya kazi ya mafuta, wengi wao Wamarekani, na kushinda kanda ile ilikuwa kama desturi yao. Mwaka ule walipigwa. Ilikuwa mara ya kwanza timu ya Afrika ipate nafasi ya kwenda Williamsport, Pennsylvania, fasi wanapochezea kombe la dunia la watoto.

Hawakuenda. Serikali ya Marekani ilikataa kuwapa viza juu tarehe za kuzaliwa kwenye makaratasi hazikulingana. Nafasi yao ikarudi kwa wale wale wa Saudi Arabia waliokuwa wamewashinda.

Ni rahisi kusema "walidanganya miaka, basi, imeisha." Mimi nauliza tofauti: kwa nini mchezo wa watoto unahitaji karatasi ya leta kwa ukali namna hii? Jibu lake linatupeleka nyuma mpaka 1939.

Mwaka ule, katika mji huo huo wa Williamsport, mtu mmoja anaitwa Carl Stotz alianzisha Little League. Hakuwa mkubwa wa serikali wala tajiri. Alikuwa na wapwa wawili wanaopenda kucheza, na aliona shida yao. Uwanja wa besiboli wa watu wazima una vituo vinne, na kutoka kituo kimoja mpaka kingine ni zaidi ya mita 27. Mpigaji akishagonga mpira kwa gongo, anakimbia kuelekea kituo. Wapinzani wanaokota mpira na kuutupa ufike kituoni kabla yake. Mchezo wote uko pale, kwenye mbio kati ya mguu na mpira. Mtoto wa miaka kumi kwenye uwanja wa wakubwa hawezi kurusha mpira mpaka kituoni, mchezo unakufa.

Stotz hakwenda kusoma vitabu. Mwaka 1938 aliwaweka watoto wakimbie na kutupa mpira, akawa anasogeza vituo mpaka mbio ile ikawa ya haki. Akafika kwenye futi 60, yaani mita 18 na kidogo. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo. Tarehe 6 Juni 1939 timu zake zikacheza mechi ya kwanza. Zilikuwa timu tatu tu, na sheria ilikuwa mtoto asizidi miaka 12.

Mimi naona hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Fikirini viwanja vyetu. Mtoto wa miaka minane anacheza na mkubwa wa miaka kumi na tano, goli ni lile lile la watu wazima, na mdogo anawekwa kuwa kipa juu hakuna mwingine anayetaka. Wenye kukua ndani ya hali hiyo ni wale waliotangulia kuwa na miguu mirefu. Shuleni tunasikia majina ya Kifaransa, minime, kadeti, juniore, lakini uwanja haubadiliki, ni majina tu. Stotz alibadilisha uwanja wenyewe.

Leo utaratibu umekuwa mrefu. Wadogo kabisa, kuanzia miaka 4, mpira unawekwa juu ya kisimamo, hakuna mtu wa kuwarushia. Mtoto anajifunza kupiga kitu ambacho hakitembei. Wakikua kidogo wanaingia Minor, ambako mara nyingi kocha ndiye anawarushia kwanza, halafu watoto wenyewe. Miaka 9 mpaka 12 ndiyo Major, ile ya Williamsport: vituo kwa mita 18, na mrushaji anasimama mita 14 kutoka kwa mpigaji. Kuko kundi la katikati la miaka 11 mpaka 13, vituo mita 21 na mrushaji mita 15. Halafu Junior, miaka 12 mpaka 14, na Senior, 13 mpaka 16. Hapo wanafikia uwanja wa watu wazima.

Mmeona kitu? Makundi yanapandana. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuwekwa kwenye Major, kwenye lile la katikati, au kwenye Junior. Waliotengeneza utaratibu huu walijua kwamba mwili haufuati kalenda: mmoja ana miaka 12 na sauti imeshakuwa nzito, mwingine ana miaka 12 na bado ni mtoto mtoto. Kwa hiyo miaka ndiyo mlango, lakini ndani ya nyumba kuko vyumba mbalimbali. (Wasichana walifungiwa mlango huo mpaka 1974, baada ya kesi iliyoanza na msichana wa New Jersey, Maria Pepe. Hiyo ni historia nyingine, nitaandika siku ingine.)

Na kuna sababu ya afya. Kurusha mpira wa besiboli kwa nguvu kunachosha kiwiko, na kiwiko cha mtoto mfupa wake bado haujafunga. Tangu 2007 Little League inahesabu kila mrusho. Mwenye miaka 7 au 8 anaishia 50 kwa siku. 9 na 10 wanaishia 75. 11 na 12 wanaishia 85. Na mtoto huyo wa miaka 12 akifika 66, anapumzika siku nne kabla ya kurusha tena. Kocha hata akilia, hapana. Ukimwandika mtoto wa miaka 9 kwamba ana 11, utaratibu mzima wa kumlinda unaanguka. Ukimwandika wa miaka 14 kwamba ana 12, wanaopata hatari ni wale wanaosimama mbele ya mpira wake.

Hilo la pili lilitokea, na hapohapo Marekani. Mwaka 2001 Danny Almonte, mrushaji wa timu ya Bronx, alicheza mechi Williamsport ambamo hakuna mpinzani hata mmoja aliyefika kituoni. Kila mtu alishangilia. Siku chache baadaye rejesta ya kuzaliwa kutoka Jamhuri ya Dominika ikaonyesha alizaliwa 1987, si 1989. Alikuwa na miaka 14. Timu yake iliyokuwa ya tatu ikafutwa kila kitu. Mtoto yule hakujiandikia karatasi mwenyewe, ni wakubwa, lakini jina lililobaki kwenye aibu ni la mtoto.

Sasa tunafika kwenye kitu kinachonigusa. Little League inataka ushahidi wa kuzaliwa, na kwa kawaida inataka karatasi iliyoandikishwa ndani ya mwaka mmoja tangu mtoto azaliwe. Someni tena hapo. Karatasi iliyotoka mtoto akiwa na miaka 10 inatiliwa shaka, hata kama kila neno ndani yake ni kweli.

Sheria yetu ya 2009 ya kulinda mtoto inasema aandikishwe kwenye etat-civil ndani ya siku 90. Siku zikipita, inabidi kwenda tribunali kutafuta jugement supplétif. Ninyi wote mnajua tunavyoishi. Chini ya nusu ya watoto wa Kongo wenye umri chini ya miaka mitano ndio wameandikishwa. Kwetu Djugu ongeza vita: familia inakimbia usiku na nguo, sufuria, na mtoto mgongoni, haibebi makaratasi. Mimi karatasi yangu ilitoka tribunali nikiwa nimeshapata diplome ya leta. Mama na mjomba walisimama kuwa mashahidi. Kila walichosema ni kweli. Kwa kanuni ile, ingekuwa karatasi ya mashaka. Halafu tukiwa wakubwa, kitambulisho chetu ni kadi ya mchaguzi, ambayo inaandika tarehe unayoitaja wewe.

Lakini hatuko watu wasiojua miaka. Tunahesabu kwa njia yetu: "huyu alizaliwa vita ya Nyankunde", "yule alizaliwa Artemis ikiwa Bunia". Bibi hakosei hapo. Nyankunde ni Septemba 2002; Artemis ilianza Juni 2003 ikaisha rasmi tarehe 1 Septemba. Kwa ukoo hiyo inatosha kabisa. Kwa Little League haitoshi, juu wana siku moja ya kukata: kwa sasa ni 31 Agosti. Aliyezaliwa 31 Agosti 2003 na aliyezaliwa kesho yake, siku ile ya mwisho ya Artemis, mmoja anahesabiwa mkubwa kwa mwaka mzima. Na siku hiyo ya kukata wameibadilisha wenyewe: zamani ilikuwa 31 Julai, halafu 30 Aprili. Kwa hiyo kisu si cha Mungu. Ni watu wameamua, na sharti lake ni leta inayojua siku yako.

FIFA nayo iliona karatasi hazitoshi. Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la 2009 wanapiga picha ya mfupa wa kifundo cha mkono. Mfupa ukishafunga, unatoka.

Mifupa ya watoto wa Ituri ilikuwa imeshapigwa picha pia, lakini si kwa ajili ya kombe. Kwenye kesi ya Thomas Lubanga, La Haye, swali lilikuwa kama wapiganaji waliotajwa walikuwa chini ya miaka 15 kati ya 2002 na 2003. Sifungui kesi ile tena hapa, kila mtu ana yake moyoni. Naangalia tu upande wa miaka. Zililetwa picha za mifupa na meno, zikaletwa karatasi za shule na kadi za mchaguzi, na tarehe zikapingana. Majaji wakaona njia ya mifupa haina uhakika wa kutosha. Kwenye hukumu ya tarehe 14 Machi 2012 waliegemea sana video, pamoja na ile iliyopigwa kambi ya Rwampara Februari 2003, ambamo walisema baadhi ya watoto wanaonekana wazi kwa macho kuwa chini ya miaka 15. Mahakama kubwa kuliko zote, na mwishowe ikaangalia kwa macho, sawa vile mwalimu wa michezo anavyopanga watoto kwa urefu.

Mwaka huo huo wa 2012, ng'ambo ya Ziwa Albert, mambo yalikuwa yanatembea. Januari, timu ya Langley, Canada, ambayo ingekutana na Waganda kule Williamsport kama viza zingetoka, ilipanda ndege ikawafuata Uganda wacheze ile mechi iliyokosekana. Waganda walishinda 2 kwa 1. Halafu timu nyingine ikapanda, ya Lugazi, mji wa sukari kati ya Kampala na Jinja. Safari hii karatasi zilipita. Agosti 2012 Lugazi ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Williamsport. Walipigwa 9 kwa 3 na Panama, wakapigwa 12 kwa 0 na Mexico, halafu wakashinda timu ya Gresham, Oregon, 3 kwa 2. Wachezaji walikuwa watoto sawa na wale wa 2011, na uwanja ulikuwa ule ule wa mita 18. Kilichobadilika ni faili.

Mwaka 2015 Uganda ilirudi, safari hii na watoto wa shule ya Allen VR Stanley, Mpigi, kwenye barabara ya Masaka, ambako Mmarekani Richard Stanley alijenga viwanja. Walishinda Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1. Dominika, nchi inayotoa wachezaji wa kulipwa kila mwaka!

Tunapenda kusema "Uganda ni karibu", na ni kweli. Mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu wa kwetu walivuka ziwa kwa mitumbwi mpaka upande wa Hoima, wengi wakapelekwa kambi ya Kyangwali. Kulikuwa na mama wajawazito ndani ya mitumbwi ile. Mtoto aliyezaliwa Februari 2018, kwa hesabu ya ligi, atakuwa na miaka 12 mwaka 2030. Huo ndio mwaka wa mwisho anaoweza kucheza Williamsport, na zile siku 90 za kuandikishwa ziliisha Mei 2018.