Kijiji Kisicho na Ardhi: Bombolulu na Suala la Wasifu wa Kijiji katika Pwani ya Kenya

Utangulizi

Wasifu wa kijiji, kwa maana ya maelezo yaliyopangwa kuhusu mipaka, watu, ardhi, kazi na uongozi wa makazi madogo, ni aina ya maandishi ambayo serikali na wataalamu wa sayansi ya jamii wameitumia kwa muda mrefu kama kwamba kijiji ni kitu kinachojulikana kabla ya kuelezwa. Nchini Indonesia, ambako kijiji chenye hadhi ya kisheria huitwa desa, kanuni ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya mwaka 2007 iliweka utaratibu wa kukusanya wasifu huo kwa kila desa, hata kile kilicho mbali na bahari katika milima ya Java au misitu ya Kalimantan. Msomaji wa wasifu wa namna hiyo hukuta ukubwa wa mashamba ya mpunga, idadi ya kaya, kazi za wakazi na viongozi wao, na haoni sababu ya kuuliza kijiji chenyewe kimetoka wapi.

Makala hii inachunguza jinsi utaratibu huo unavyokwama unapoletwa Bombolulu, makazi yaliyo ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, kando ya barabara iendayo Malindi, jirani na Ziwa la Ng'ombe na Kisauni. Hoja yake ni kwamba ugumu wa kuandika wasifu wa Bombolulu hautokani na ukuaji wa jiji peke yake, bali hasa na historia ya sheria, kwa kuwa katika ukanda huu wa pwani kijiji kiliachwa kiishi midomoni mwa watu huku kikinyimwa nafasi katika daftari la ardhi.

Dhana ya kijiji: kutoka mji hadi kaya

Sarufi yenyewe ya Kiswahili ina la kusema juu ya jambo hili. Neno kijiji linatokana na mzizi -ji wa neno mji, ambao, kwa kuwa ni wa silabu moja, hupewa viambishi ki- na -ji- ili kuonyesha udogo, kama vile mti unavyozaa kijiti na mto unavyozaa kijito. Kwa mantiki ya lugha, basi, kijiji ni mji uliopunguzwa umbo: tofauti yake na mji ni ya ukubwa, wala si ya asili wala ya heshima. Dhana ya kwamba kijiji ni mahali pa nyuma na mji ni mahali pa maendeleo imekuja baadaye, ikiletwa na utawala uliozitenga sehemu hizo mbili kwa sheria na kwa kodi.

Ushahidi wa maana hiyo ya kale umo katika jina la watu walio wengi katika bara la Mombasa, yaani Wamijikenda, ambalo tafsiri yake ni watu wa miji kenda, kenda likiwa neno la zamani la Kiswahili kwa namba tisa. Miji hiyo tisa, ya Wagiriama, Wadigo, Warabai, Waduruma, Wachonyi, Wakauma, Waribe, Wajibana na Wakambe, kila mmoja ulikuwa na kaya, ambayo ni makazi yaliyozungukwa na msitu, yenye njia na milango maalumu, mahali pa baraza la wazee, makaburi, na fingo, yaani kago lililofukiwa ardhini kuwalinda wakazi. Kaya haikuwa nyumba nyingi zilizokaribiana tu, kwa maana haki ya mtu kulima, kuzika na kusikilizwa barazani ilitoka humo. Katika karne ya 19 wengi walitoka kayani na kutawanyika mashambani, wakaishi katika midzi, ambayo ni makazi ya jamaa wa ukoo mmoja, lakini kaya zikabaki kuwa mahali pa mila na tambiko, na mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu kadhaa ya kaya katika orodha ya urithi wa dunia.

Makazi ya bara la kaskazini ya Mombasa hayakufuata mfano huo mmoja. Mwaka 1875 Chama cha Wamisionari wa Kanisa la Uingereza, CMS, kilianzisha Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa, ambayo kengele yake imeacha jina la Kengeleni hadi leo. Pamoja na makazi hayo ya misheni palikuwa na mashamba ya minazi ya wenyeji wa kisiwani, vitongoji vya Wamijikenda waliokuwa wakilima na kugema, na baadaye shamba kubwa la mkonge la Nyali. Kwa hiyo kijiji cha upande huu tangu mwanzo kilikuwa cha watu wa asili nyingi, na umoja wao ulitokana na kushirikiana ardhi, kisima na njia, zaidi ya kushirikiana babu.

Mwaka 1908 na kutengwa kwa nyumba na ardhi

Hali ya kisheria ya ardhi hiyo ilikuwa na utata wa namna yake. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulitambuliwa mwaka 1886 kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukasimamiwa na Waingereza kwa niaba yake kuanzia mwaka 1895, na ukaunganishwa na Kenya mwaka 1963. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1908, serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Hati za Ardhi, iliyomtaka kila mwenye madai ya ardhi katika ukanda huo ajitokeze mbele ya afisa mwandikishaji na kuthibitisha haki yake, na iliyoamua kwamba ardhi isiyodaiwa ingehesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza.

Sheria hiyo haikuwa na upendeleo kwa maneno yake, lakini ilikuwa nao kwa umbo lake. Ilitambua mtu mmoja mwenye hati, mashahidi na mipaka iliyopimwa, hali ambayo iliwafaa wamiliki wa Kiarabu, Kiswahili na Kihindi waliozoea maandishi ya kadhi na ya biashara, ilhali haki ya Wamijikenda ilikaa katika ukoo, katika makaburi na katika miti. Kwa mila zao, aliyepanda mnazi ndiye mwenye mnazi, akaweza kuurithisha, kuuuza au kuuweka rehani bila kuigusa ardhi iliyo chini yake, kwa kuwa ardhi haikuhesabiwa kuwa bidhaa. Mbele ya mwandikishaji, mnazi haukuwa hati. Matokeo yake ni kwamba familia zilizokuwa zikiishi na kulima mahali fulani kwa vizazi zilijikuta zikiitwa maskwota, yaani watu wanaokaa kwenye ardhi isiyo yao, bila wao kuhama hata hatua moja.

Kutokana na hali hiyo ulizuka mfumo ambao umekuwa alama ya Mombasa na pwani yote ya Kenya, wa mtu kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi. Mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi kwa mwenye shamba, mara nyingi kwa makubaliano ya mdomo, na huruhusiwa kujenga kwa vifaa visivyo vya kudumu, kama miti, udongo, makuti au mabati, kwa kuwa jengo la mawe lingekuwa dai la kubaki. Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili, yenye ukumbi unaopita katikati na vyumba pande mbili, ambavyo hupangishwa kimoja kimoja, na hivyo mwenye nyumba huwa mwenye mali mbele ya wapangaji wake na mpangaji mbele ya mwenye ardhi. Sehemu kubwa ya vijiji vya Mombasa bara, ambavyo wakazi wenyewe huviita vijiji hata vikiwa katikati ya jiji, vilikua kwa mfumo huu.

Ukuaji wa jiji uliuzidishia mfumo huo uzito. Daraja la kuelea la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1931, na daraja la kudumu la mwaka 1980, yaliifanya ng'ambo ya kaskazini iwe mahali pa kulala kwa wafanyakazi wa kisiwani, huku kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, na baadaye hoteli za ufukweni, vikileta watu kutoka pembe zote za nchi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 216,577 katika kaunti ndogo ya Nyali na 291,930 katika ile ya Kisauni, kwa jumla zaidi ya nusu milioni kati ya wakazi 1,208,333 wa kaunti nzima. Sensa hiyo inaeleza ni wangapi wanaolala upande huo, lakini haielezi ni wangapi wanaolala juu ya ardhi yao.

Kijiji cha sheria: Tanzania, Indonesia na Kenya

Ulinganisho na nchi nyingine unaonyesha kwamba hali hii haikuwa lazima. Tanzania, baada ya operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, ilitunga mwaka 1975 sheria ya kuviandikisha vijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaipa halmashauri ya kijiji jukumu la kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, chini ya mkutano mkuu ambao kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuhudhuria. Ni kweli kwamba watu wengi walihamishwa kwa nguvu, na kwamba kijiji kilichopangwa na dola kilivunja makazi yaliyokuwa na mantiki yake. Hata hivyo, kijiji cha Tanzania kinaweza kushtaki, kushtakiwa na kukataa, kwa sababu ni mtu mbele ya sheria.

Indonesia ilipita njia inayofanana na hiyo kwa kasoro zake na kwa faida zake. Sheria ya mwaka 1979 iliyavalisha makazi ya nchi nzima umbo moja la desa lililotokana na Java, hata yale ya Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, ambao makazi yao ya jadi, nagari, yalikuwa na baraza na ardhi ya ukoo. Sheria ya Vijiji Namba 6 ya mwaka 2014 ililegeza kamba hiyo kwa kuvitambua vijiji vya kimila pamoja na desa ya kawaida, ikahakikisha kuwa mkuu wa desa anachaguliwa na wakazi, na ikaweka fungu la fedha kutoka hazina ya taifa. Ndiyo maana wasifu wa desa huandikika kwa urahisi: yupo mwenye kuulizwa, lipo daftari la kufunguliwa, na ipo bajeti ya kukaguliwa.

Kenya ilichagua njia ya tatu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataja kijiji kuwa ngazi ya chini ya ugatuzi, chenye msimamizi na baraza la wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano, lakini ikaliachia bunge la kila kaunti kuamua vijiji hivyo viwe vingapi na viwe wapi. Sambamba nayo ipo safu ya chifu na naibu wake iliyo chini ya serikali ya kitaifa, inayomtegemea mzee wa mtaa, na tangu mwaka 2013 upo mpango wa Nyumba Kumi, ulioazima jina na umbo kutoka kwa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania, ingawa lengo lake ni usalama. Mzee wa mtaa anamjua kila mpangaji, anasuluhisha ugomvi wa choo na wa uchochoro, na anaandika barua ya utambulisho, lakini hana neno lolote juu ya ardhi ambayo mtaa wake umekalia.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo, kwa kuwa kijiji kinachotajwa na sheria ya mwaka 2012 ni kijiji cha utawala, si kijiji cha milki. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, iliyotokana na Katiba ya mwaka 2010, inaruhusu jamii kuandikisha ardhi yake kwa pamoja, lakini mlango huo haumfai mkazi wa ng'ambo ya Mombasa ambaye ardhi aliyojengea ilishaandikwa jina la mtu binafsi kwa utaratibu wa mwaka 1908. Sheria moja inampa baraza lisilo na ardhi, na nyingine inatoa ardhi kwa jamii ambazo hazikutangulia kunyang'anywa kwa hati.

Pingamizi na jibu lake

Inaweza kudaiwa kwamba Bombolulu si kijiji tena, kwamba ni mtaa wa jiji, na kwamba kuipima kwa kipimo cha desa ya bara la Indonesia ni kulinganisha vitu viwili visivyolingana. Pingamizi hilo lina uzito, maana mkazi wa Bombolulu halimi mpunga wala hategemei mvua. Hata hivyo, linachukulia kwamba kijiji ni kazi ya shambani, ilhali uchambuzi uliotangulia umeonyesha kwamba kijiji, kwa lugha na kwa historia ya pwani, ni haki ya pamoja ya kukaa mahali. Jembe likiondoka, suala la nani ana haki ya kubaki haliondoki. Bei ya ardhi hulifanya kali zaidi.

Bombolulu yenyewe inatoa kielelezo cha mgongano huo. Karakana za watu wenye ulemavu wa viungo, zilizoanzishwa mwaka 1969 na APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya, na kujulikana kwa mapambo, ngozi, nguo na vinyago, ziliongezewa kituo cha utamaduni chenye makazi ya jadi ya jamii mbalimbali za Kenya, yaliyojengwa ili mgeni aone jinsi watu walivyoishi vijijini. Kazi ya karakana hizo ni ya kusifiwa, kwa kuwa ziliwapa ujira na heshima watu waliokuwa wakitazamwa kama wa kuombewa sadaka. Lakini mtafiti wa dhana ya kijiji hawezi kupita bila kuona kwamba ndani ya ua nyumba ya udongo na makuti inatunzwa kama urithi, ilhali katika vijiji vingi vya ng'ambo hiyo nyumba ya udongo inaendelea kujengwa kwa sababu mjenzi wake hana ruhusa ya kujenga ya mawe.

Hitimisho

Wasifu wa kijiji katika pwani ya Kenya hauna budi kuanza mahali ambapo wasifu wa desa huishia, yaani kwenye swali la mwenye ardhi, ndipo uje kwenye idadi ya watu, shule na visima. Mwandishi wa wasifu asiyeuliza swali hilo atapata hesabu sahihi za mahali asipopaelewa. Kwa upande wa sera, mabunge ya kaunti za pwani yanapaswa kuunda vijiji vinavyofuata mipaka ambayo wakazi wenyewe wanaitambua, na kuyapa mabaraza yake sauti ya lazima katika kila shauri la kuuzwa kwa ardhi iliyokaliwa na kila agizo la kuwaondoa watu. Bila hayo, Bombolulu itabaki kuwa kijiji kwa jina na kwa maisha, na shamba la mtu kwa sheria.