Amana na Siri: Benki za Marekani na Kumbukumbu za Wateja Wao, 1970–1992

Awekaye fedha benki hukabidhi amana mbili: fedha zenyewe, na habari za matumizi yake. Ya kwanza hubaki na haki ya kuidai irudishwe. Kuhusu ya pili, sheria za Marekani zilifuata njia nyingine.

Mwaka wa 1970 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyokuja kuitwa Sheria ya Siri ya Benki. Jina hilo lapotosha, kwani siri ya mteja ndiyo iliyopunguzwa. Shabaha ilikuwa kuwanasa wakwepa kodi na wahalifu waliotumia akaunti za siri za nchi za nje. Kwa hiyo benki zililazimishwa kuhifadhi nakala za hundi za wateja, na kuiarifu serikali kuhusu fedha taslimu zinazozidi dola 10,000.

Chama cha benki za California kiliipinga sheria hiyo, lakini mwaka wa 1974 Mahakama ya Juu iliithibitisha. Jaji William Douglas hakuafikiana na wenzake: kwa maoni yake, achunguzaye hundi za mtu humjua daktari wake, wakili wake, dini yake, na hata magazeti ayasomayo.

Ndipo ikaja kesi ya Miller, mtu wa Georgia aliyeshtakiwa kwa kutengeneza pombe kali bila kulipa kodi. Benki mbili zilikuwa zimewapa wapelelezi kumbukumbu zake pasipo kumwarifu. Mwaka wa 1976 majaji saba dhidi ya wawili waliamua kwamba karatasi hizo ni za benki, si zake. Tena aipaye benki habari zake amekubali hatari ya kuona zikifikishwa kwa serikali.

Bunge lilijibu mwaka wa 1978 kwa sheria iliyotaka mteja, kwa kawaida, aarifiwe kabla serikali ya shirikisho haijapewa kumbukumbu zake. Serikali za majimbo hazikufungwa nayo. Kisha sheria ya 1992 iliiwezesha Wizara ya Fedha kuzidai benki taarifa za shughuli zenye kutiliwa shaka, na ikazikataza kumwambia mhusika.

Hivyo, katika miaka 22, siri ilibadili mwenyewe. Zamani mteja na benki waliitunza mbele ya serikali; sasa benki na serikali wakaitunza mbele ya mteja.