MTU NA MTU, MAHALI NA MAHALI
Semi za Kiingereza za Kutofautisha na Njia Zilizopitia Kuingia katika Nyaraka Zetu

Kazi ya kusanifu istilahi hutufanya tushughulike zaidi na majina: jina la chombo, la cheo, la ugonjwa. Lakini wafasiri wa sheria na nyaraka wanajua kwamba mahali wanapokwama mara nyingi hapana jina hata moja. Pana vipande vidogo vya usemi ambavyo Kiingereza huvitumia kueleza kwamba jambo si lile lile kwa kila mtu, kila mahali na kila hali. Vipande hivyo havihesabiwi kuwa istilahi, na kwa hiyo kila mfasiri amejiamulia lake.

Vina historia ndefu hapa kwetu. Amri ya Mfalme katika Baraza ya mwaka 1920, iliyoweka msingi wa utawala wa Uingereza katika Tanganyika, iliagiza kwamba sheria za Uingereza zilizokuwa zikitumika huko tarehe 22 Julai 1920 zitumike na huku. Kisha ikaongeza sharti: zitumike kwa kadiri tu ambavyo hali ya nchi na ya wakazi wake itaruhusu, na kwa mabadiliko ambayo hali ya mahali italazimu. Kenya nayo ilipata sharti la namna hiyo, tarehe yake ikiwa 12 Agosti 1897. Nchi zote mbili zililibakiza katika sheria zao baada ya uhuru.

Tulitazame sharti hilo kwa jicho la mfasiri. Nani anaruhusu? Hali. Nani analazimu? Hali. Hakuna mtu katika sentensi nzima. Jambo hili lilijitokeza mwaka 1955, wakati mahakama ya rufani ya London iliposikiliza shauri la kampuni ya daraja la Nyali, Mombasa, iliyodai ushuru kwa magari ya jeshi yaliyolivuka. Jaji Denning alifananisha sheria ya Kiingereza na mti wa mwaloni, ambao huwezi kuuhamishia Afrika ukatazamia uwe vile vile ulivyokuwa kwao. Kwetu sisi wa lugha, lililo kubwa zaidi ni kwamba aliitaja ile nafsi iliyokosekana: kazi ya kufanya mabadiliko hayo, alisema, wamekabidhiwa majaji wa nchi zinazohusika. Miaka 35 baada ya ile Amri ya Tanganyika, mtu akapatikana.

Yafaa ikumbukwe kwamba maneno yenyewe Kiingereza kiliyaazima. Neno lao la "hali" limetoka Kilatini, na maana yake ya asili ni vitu vinavyosimama kuzunguka. (Kiswahili, bila kuuliza Kilatini, kilifika pale pale kwa njia yake kilipounda "mazingira" kutokana na kuzingira.) Neno lao la "kutegemea" kwa asili ni kuning'inia. Usemi wao wa "according to" chanzo chake ni neno la Kilatini la moyo: mioyo miwili iliyopatana. Mengi ya hayo yalipitia Kifaransa baada ya mwaka 1066, yakakaa mahakamani kwa karne nyingi. Mwaka 1362 iliagizwa kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, lakini kumbukumbu ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini, na ni mwaka 1733 tu Kiingereza kilipoachiwa mahakama kabisa. Wanaodhani kwamba lugha ya sheria ya Waingereza ilizaliwa ikiwa kamili, na ya kwetu peke yake ndiyo inayojikongoja, wangefanya vema kuzisoma tarehe hizo tena.

Kiswahili hakikosi njia zake; pengine kinazo nyingi mno kwa mfasiri mwenye haraka. Pale Kiingereza kinapotumia "according to" peke yake, sisi twachagua. "Kwa kadiri ya" ni kipimo: mtu hutozwa kwa kadiri ya mapato yake. "Kwa mujibu wa" ni wajibu: afisa hutenda kwa mujibu wa kifungu. "Kulingana na" ni ulinganifu, na "kwa maoni ya" ni kauli ya mtu. Mfasiri anayeandika "kwa mujibu wa mapato yake" ameyageuza mapato kuwa sheria.

Tena tunao urudufishaji, ambao Kiingereza hakina. Tukisema wanafunzi wapewe vitabu viwili viwili, hatuhitaji neno jingine la kugawa. Na tunayo "kila" yenye kimilikishi, ambayo methali zimeilea tangu zamani: kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Kwa nini basi siku hizi twasoma kwamba jambo fulani "hutofautiana kutoka mtu hadi mtu"? Huo ni usemi wa Kiingereza uliovishwa kanzu. Kwetu "kutoka" na "hadi" hubeba mwendo na mipaka: kutoka Tanga hadi Moshi, kutoka saa mbili hadi saa tisa. Waraka ukisema kwamba posho itatofautiana "kutoka wilaya hadi wilaya", karani ana haki ya kuelewa kwamba ni posho ya safari baina ya wilaya. Fedha ya mtu inaweza kulipwa au kukataliwa kwa kosa hilo. Ingetosha kuandika kwamba kila wilaya itakuwa na kiwango chake cha posho.

"Kutegemea" ni shauri gumu zaidi. Asili yake ni kuegemea na kutumaini: mtoto humtegemea mama, mkulima hutegemea mvua. Maana ya kubadilika pamoja na kitu kingine imekwisha kuzoeleka, nasi hatuoni faida ya kupigana nayo. Bei hutegemea ubora, na msomaji anaelewa. Tunalolikataa ni "kutegemeana na hali", maana kauli ya kutendana hudai kwamba hali nayo iitegemee bei. Tunaionea shaka pia "itategemea hali" katika kanuni, kwa sababu ile ile ya mwaka 1920: haimtaji mwamuzi. Kiswahili kingeweza kusema "kwa kadiri Mkurugenzi atakavyoona inafaa". Ikiwa matini ya Kiingereza haikumtaja, mfasiri asimbuni. Na amwulize mwandishi wa sheria kabla ya kupiga chapa.

Maswali hayo yamekuwa mazito zaidi tangu mwaka 2021, Tanzania ilipotunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Katika sheria za kutafsiriwa, usemi unaorudi mara nyingi ni "as the case may be", nao umewahi kufasiriwa "kama kesi itakavyokuwa". Neno lao hilo asili yake ni tukio, lililoangukia mtu. Kwetu kesi iko mahakamani tu, na msomaji huanza kumtafuta mshtakiwa. Usemi huo kwa kawaida hufuata majina mawili, Waziri au Mkurugenzi, na maana yake ni yule kati yao anayehusika. Hivyo ndivyo tunavyopendekeza uandikwe: "Waziri au Mkurugenzi, yeyote kati yao anayehusika". Ni mrefu kidogo kuliko wa Kiingereza, na mahali penye majina matatu au zaidi "miongoni mwao" itachukua nafasi ya "kati yao".