Hela Zilizobaki Kasulu

Kwetu Kasulu hakuna jina la mtu anayekusanya sarafu. Kuna mtu anayetafuta rupia, na kuna mtu aliyeweka hela za zamani. Wa kwanza watu wanamwogopa kidogo. Wa pili wanamwona hana kazi.

Miaka michache iliyopita mmoja wa hao watafutaji alifika kwa mjomba wangu, nje kidogo ya mji, amepakiwa kwenye bodaboda. Kijana mstaarabu, ameamkia vizuri, "Mwakeye mzee," akakaa kwenye kigoda na kuuliza kama nyumbani kuna rupia za Mjerumani. Mjomba alikuwa nazo mbili, ya 1905 na ya 1910, ndani ya kopo la Blue Band aliloachiwa na babu. Kijana akatoa mfukoni kifuko cha plastiki chenye punje za mchele, akazimwaga juu ya meza, akasogeza rupia karibu. Alisema yenye nguvu huvuta mchele. Haikuvuta, bila shaka. Rupia ni fedha safi karibu sehemu tisa kwa kumi, ina uzito wa gramu 11 na ushei, na fedha haivuti mchele wala sumaku. Kijana akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akasema hizi "zimekufa", lakini kwa kumsaidia mzee atatoa elfu sitini kwa zote mbili.

Mjomba akauza. Nilikuwepo, na nilinyamaza.

Nataka nieleze nilichonyamazia, maana tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za sarafu hizi, na kila ninavyosoma naona kwamba ule mchele ulikuwa jambo dogo.

Kabla ya Mjerumani, milima yetu ya Buha ilijua mali bila kujua sarafu. Mali ilikuwa ng'ombe, jembe la chuma, chumvi ya Uvinza. Chini kule Ujiji, sokoni, kulikuwa na shanga zilizoitwa sofi, fupi kama vipande vya mrija wa kiko, na Wazungu waliopita miaka ya 1870 waliandika jinsi walivyolazimika kubadilisha vitambaa vyao wapate shanga hizo ndipo wanunue samaki. Kwa hiyo si kweli kwamba watu hawakuelewa fedha. Walielewa vizuri sana. Ila fedha yao ilikuwa ya kwao.

Rupia ilikuja na kodi. Kodi ya nyumba ilitangazwa 1897, na ukitaka mtu aliye mbali na pwani ahitaji sarafu yako, hakuna njia ya haraka kuliko kumdai. Mwanzoni rupia moja iligawanywa kwa pesa 64, kama Uhindini. Mwaka 1904 Wajerumani wakabadilisha, rupia moja ikawa heller 100. Heller hiyo ndiyo hela yetu. Jirani zetu Warundi, waliokuwa chini ya Mjerumani huyohuyo, mpaka leo wanasema amahera. Mimi huwa nafikiri hapo ndipo penye sarafu ya ukumbusho kubwa kuliko zote alizotuachia Mjerumani, na hakuna dalali anayeweza kuibeba kwenye bodaboda.

Halafu ikaja vita. Mwaka 1916 koloni lilikuwa limezingirwa, sarafu kutoka Ujerumani hazifiki, askari wanadai mishahara. Wajerumani wakatumia karakana ya reli huko Tabora kupiga sarafu zao wenyewe. Dhahabu ya Sekenke ikawa sarafu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima. Zilitoka 16,198 tu. Vipande vya shaba nyeupe na nyekundu, mabaki ya mitambo na maganda ya risasi, vikawa heller 20, zaidi ya milioni moja na nusu. Ukiishika moja unaona haraka yake: taji limekaa upande, maandishi DOA yamefifia, herufi T ya Tabora imezama. Tarehe 28 Julai mwaka huo Wabelgiji wakaingia Kigoma, tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora, na kiwanda kikawa kimekwisha. Kasulu na Kibondo zikakaa chini ya Mbelgiji hadi Machi 1921, alipokabidhi kwa Mwingereza.

Yule tembo wa dhahabu leo anauzwa kwenye minada ya Ulaya kwa maelfu ya dola. Hapo ndipo inapoanza shida yetu. Habari za tembo zimefika vijijini, lakini zimefika nusu: "Tabora", "1916", "dhahabu". Nusu iliyobaki haikufika. Babu alikuwa na heller 20 ya Tabora kwenye kopo lake, ya shaba ya njano, na mjomba mwingine alipoona ule mwaka aliisugua kwa majivu na limau usiku kucha ili dhahabu itoke. Ilitoka shaba inayong'aa. Mkusanyaji yeyote atakwambia sarafu iliyosuguliwa imepoteza sehemu kubwa ya bei, kwa sababu ule weusi wa miaka mia ndio ushahidi kwamba haijachezewa. Na hata isingesuguliwa, heller 20 zilipigwa nyingi mno. Isingenunua godoro.

Nimetaja godoro kwa sababu ndilo lililouza zile rupia mbili. Binti wa mjomba alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni, na orodha ilidai godoro, tranka, sare, ndoo. Huko mtandaoni rupia ya kawaida ya miaka ile inauzwa kwa makumi ya dola, kila moja. Kijana wa mchele alipata faida yake. Lakini mimi niliyejua bei sikuwa na soko, na mjomba aliyekuwa na sarafu hakuwa na muda. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Watu wanaoandika kwamba sarafu zikusanywe kwa mapenzi na si kwa faida, mara nyingi wanaandika wakiwa tayari na godoro.

Hata hivyo, kuna faida nyingine inayosemwa kuhusu sarafu za ukumbusho zenyewe, zile zilizotengenezwa makusudi, na hiyo naiona kichekesho. Nchi yetu ilianza kutoa sarafu zake 1966, na kwenye shilingi kulikuwa na mkono ulioshika mwenge, kwenye senti 50 sungura, kwenye senti 20 mbuni. Mwaka 1971, miaka kumi ya Uhuru, ikatoka shilingi 5 ya pembe kumi. Mwaka 1981 ikatoka ya shilingi 20 kwa miaka ishirini. Hizi zilishikika, watu walinunulia sukari, pale sukari ilipopatikana. Lakini 1974 zilitoka sarafu za hifadhi ya wanyama: shilingi 25 ya fedha yenye twiga, shilingi 50 ya fedha yenye faru, shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Zilikuwa za wakusanyaji wa nje, ndani ya vijisanduku vyao. Katika miaka hiyohiyo watu wa Kasulu na Kibondo walikuwa wanahamishiwa vijijini, wengine wanaacha migomba yao nyuma. Sijawahi kukutana na mtu wa kwetu aliyewahi kumwona faru yule. Jina letu limeandikwa juu yake, na kumbukumbu iliyomo ni ya mtu mwingine.

Wengi walionunua sarafu za namna hiyo wakidhani zitapanda wamekuta bei yake haiendi mbali na uzito wa fedha yenyewe. Kitu kilichouzwa kama adimu, kila aliyekinunua amekitunza, basi hakiwi adimu. Kinachoadimika ni kile ambacho watu walikitumia mpaka kikaisha.

Kibondo namfahamu mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayekusanya bila kununua. Sarafu zake ziko ndani ya maboksi ya viberiti, kila boksi na karatasi ya daftari iliyokunjwa. Nilipomtembelea nilitarajia rupia. Alianza kunionyesha makuta 20 za Zaire, zenye sura ya Mobutu, na faranga 10 za Burundi za 1971, zilizotolewa kwa mpango wa chakula wa FAO. Mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi wa Burundi tangu 1972, Wakongo wako Nyarugusu tangu 1996, na Nduta, hapo hapo Kibondo, ilifunguliwa tena 2015. Mtu anayekimbia hubeba hela ya nchi yake, na akivuka anakuta hainunui kitu. Mwalimu aliletewa nyingine na wanafunzi, nyingine alizikuta njiani. Kwenye karatasi haandiki bei. Anaandika imetoka kwa nani, wapi, mwaka gani. Nilimuuliza kama amewahi kuuza. Akacheka, akasema aliwahi kuuza rupia tatu mke wake alipolazwa, na hata karatasi zake alizitoa pamoja nazo, lakini mnunuzi alizitupa palepale barazani. Yeye akaziokota. Bado anazo, ndani ya boksi lisilo na sarafu.

Nikarudi Kasulu nikaomba kopo la babu. Mjomba alinipa bila maneno mengi, "Chukua bwana, hazina kazi." Yule kijana alikuwa ameziacha zote zilizobaki. Ilikuwemo heller 20 iliyosuguliwa. Zilikuwemo shilingi za simba za Afrika Mashariki, ambazo babu alirudi nazo kutoka Tanga alikokuwa manamba kwenye mkonge, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Na ilikuwemo senti 10 ya tundu ya 1936, imefungwa na uzi mweusi. Hiyo ina jina la Edward VIII, mfalme aliyekaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja akaondoka kabla ya kuvishwa taji. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia mtaani. Huku kwetu ziliingia, kwa sababu senti ya tundu haina nafasi ya sura, ni jina tu na taji, na zilipigwa kwa mamilioni. Kwa hiyo bei yake ni ndogo sana.

Nilimuuliza mama kuhusu uzi. Akasema babu aliivaa shingoni njia nzima ya kurudi, treni mpaka Kigoma na kisha miguu, kwa sababu mfuko wa suruali ulikuwa umetoboka na alitaka abaki na hela ya chumvi. Nimeandika hivyo kwenye karatasi ya daftari. Boksi la kiberiti nililopata lilikuwa dogo kwa sarafu yenyewe, nimetumia la sindano.